Kijana amebadilika nyumbani: maswali ya wazazi kuhusu dipresheni na kujiua

Mtoto wangu yuko Form Three, siku hizi ukimwongelesha anafoka na kufunga mlango. Hiyo ni dipresheni ama ni ujana tu?

Inaweza kuwa ujana tu, lakini angalia imekaa muda gani na imeharibu nini. Wazazi wengi tunangoja kuona machozi, na kijana mwenye dipresheni anaweza asilie hata siku moja, kwake inatokea kwa hasira, kila kitu kinamuudhi, kichwa na tumbo vinauma kila saa na ukimpeleka kupimwa hawaoni kitu. Halafu usingizi unaharibika, mpaka saa tisa usiku yuko macho ama analala mchana kutwa, chakula hagusi, alama zinashuka, na kile kitu alikuwa anapenda zaidi anakiacha. Hii ya mwisho mimi huiangalia sana. Kijana alikuwa hakosi uwanjani Jumamosi, sasa buti ziko chini ya kitanda na matope yamekaukia hapo, vijana wa ploti wakija kumwita anakwambia waambie nimelala. Ikienda hivyo karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, mpeleke aonwe.

Si ni simu na uvivu? Enzi zetu hakukuwa na haya mambo.

Yalikuwepo, ni vile watu walinyamaza. Dipresheni ni ugonjwa, inaweza kuwa iko kwa familia, inaweza kuletwa na msiba, kudhulumiwa kimapenzi, kuonewa bodingi, wazazi kupigana kila siku, ama kurudishwa nyumbani kwa sababu ya karo mpaka mtoto anaona yeye ndiye mzigo. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka duniani, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 ni kati ya sababu kubwa za vifo. Kumwambia ajikaze hakumtibu, kunamfundisha tu asikwambie tena.

Nitajuaje anafikiria kujiua?

Sikiza maneno. "Nimechoka na hii maisha", "bila mimi mtakuwa sawa", "afadhali nisingezaliwa". Mwingine anaanza kugawa vitu vyake vya maana, ama anaaga watu, ama baada ya wiki nyingi za giza anatulia ghafla bila sababu yoyote, na hapo ndipo nyumbani mnapumua mkidhani amepona. Tafadhali msiseme anatafuta kuangaliwa tu.

Nikimuuliza wazi si nitamtia hilo wazo?

Hapana. Hili ndilo ningetaka kila mzazi alishike, kuuliza hakumtii mtoto wazo la kujiua, mara nyingi kunampunguzia uzito kwa sababu hatimaye kuna mtu ameona. Muulize mkiosha vyombo ama mkitembea kutoka steji, saa ambayo hamwangaliani usoni. "Nimeona umebadilika na nina wasiwasi. Umewahi kufikiria kujiua?" Halafu nyamaza, mpe muda hata kama kimya kinakuuma. Usianze kumhesabia karo uliyolipa, usimwambie ni dhambi, na usimuahidi kuwa itabaki siri.

Amesema ndio. Sasa?

Usimwache peke yake, hata usiku huo lala naye chumba kimoja. Toa nyumbani dawa zote, sumu ya panya na ya wadudu, na chochote anachoweza kujidhuru nacho, peleka kwa jirani unayemwamini, kwa sababu ile hamu kali mara nyingi hupita na ukimpitisha hapo umempa nafasi ya kusaidiwa. Piga 1199 ya Msalaba Mwekundu ama 116 ya Childline Kenya, zote ni za bure, ama Befrienders Kenya 0722 178 177. Kama tayari amemeza kitu au amejiumiza, kimbia hospitali ya karibu yenye emajensi, usingoje kuche.

Polisi hawatamshika?

Hofu hii imefanya familia nyingi zidanganye daktari. Ni kweli kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilisema kifungu hicho kinaenda kinyume na Katiba. Mwambie daktari ukweli wote.

Tunamwombea kanisani. Bado anahitaji hospitali?

Mwombeeni, na mpeleke pia. Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili, iko hapo Thika Road Nairobi, na kwa wengi mwanzo ni kuongea na kaunsela kila wiki, dawa huongezwa ikihitajika. Dawa hizi si za kulevya, huchukua wiki kadhaa kabla hujaona tofauti, na usizikatize mwenyewe akianza kucheka. Zile wiki za kwanza mchunge zaidi, ukiona hatulii, halali kabisa, ama ameanza tena kuongea mambo ya kufa, rudi kliniki siku hiyo hiyo, usingoje tarehe iliyoandikwa kwa kadi.