Kurudi Shambani Baada ya Msiba

Ng'ombe wa maziwa hajui kwamba kuna msiba. Asipokamuliwa, kiwele hujaa na kuuma, na huweza kupata ugonjwa wa kiwele. Ndiyo maana wafiwa wengi hurudi kazini kabla akili haijatulia.

Huzuni huvuruga usingizi, umakini na kumbukumbu. Mtu anapima dawa ya kunyunyizia, anageuka kidogo, hakumbuki tena kama ameshaimimina kwenye bomba. Shirika la Kazi Duniani linakitaja kilimo kuwa miongoni mwa sekta tatu zenye hatari zaidi, pamoja na ujenzi na uchimbaji madini, hata kwa mtu aliyelala vizuri.

Kwa hiyo pangeni kazi kwa kuangalia hatari yake, si haraka yake tu. Mfiwa anaweza kuanza na kulisha mifugo, kuinywesha na kupalilia. Trekta, mashine ya kukata majani, viuatilifu na fahali mkali apewe mwingine kwa muda. Akilazimika kuvishika mwenyewe, asiwe peke yake. Palizi ikichelewa mtapunguza mavuno. Mkono ukinaswa na mashine hakuna msimu utakaoufidia.

Ugumu huzidi kama marehemu ndiye aliyekuwa na mambo yote kichwani. Shamba lipi lilinyunyiziwa, lini, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna zimekwisha? Ng'ombe yupi yuko kwenye dozi, maziwa yake yasinywewe? Nani anadai pesa za pembejeo? Ulizeni vibarua, daktari wa mifugo na muuza pembejeo, kisha andikeni. Chupa isiyo na lebo msikisie kilichomo. Itengeni, mwoneni afisa ugani.

Majirani wakisema "mkihitaji chochote mtuambie", wapeni kazi yenye jina: kukamua jioni, kwa mfano. Ahadi ya jumla huishia mlangoni.

Kuna anayepata nafuu akishika jembe, na kuna anayelia katikati ya tuta. Wote wako sawa. Hata mtu mmoja hupita hali zote mbili kwa siku moja. Lakini uchungu ukiendelea kumzuia kuishi na kufanya kazi kwa zaidi ya miezi 6, amwone mtaalamu wa afya ya akili. Na akisema hataki tena kuishi, msimwache peke yake: fungieni viuatilifu, ufunguo akae nao mtu mwingine, mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo.