Rafiki mcheshi amekufa kwa SIDA (UKIMWI): maswali ya kwenye kilio

Haya ndiyo yanayoulizwa chini ya turubai, Goma, marafiki wakimkumbuka mtu aliyekuwa akiwavunja mbavu.

Juzijuzi tu alikuwa anatuchekesha. Mgonjwa wa SIDA si anakonda kwanza?

Si lazima. CD4, yaani askari wa mwili, zikishuka chini ya 200, ugonjwa umefika mbali hata kama mashavu yamejaa. Na mtu mwenye maneno ni mgumu kumchunguza: ukimuuliza kuhusu kikohozi anakurushia utani, wote mnacheka, swali limepita. Waliofika hatua hiyo huuawa hasa na kifua kikuu, na pia na kriptokokasi, kuvu inayoshambulia utando wa ubongo. Inaanza na kichwa kuuma siku nyingi, kisha shingo inakaza, mwanga unaumiza macho, mtu anachanganya maneno. Hapo msingoje. Kuvu hiyo inatafutwa kwa damu kidogo tu. Kifua kikuu kinaweza kutafutwa hata kwenye mkojo, mgonjwa asipotoa makohozi.

Dawa ni za bure. Mbona amekufa?

Mara nyingi ni kwa sababu alimeza, akaacha. Kidonge kimoja kwa siku (tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri pamoja) kinalaza virusi, hakivimalizi. Ukiacha, vinaamka ndani ya wiki chache. Goma sababu za kuacha hazikosekani: vita vya Januari 2025 vilikimbiza watu bila chupa ya dawa wala fishi, yaani kadi ya matibabu, na wengine wanaogopa kuonekana kwenye foleni. Aliyepoteza fishi aende kituo chochote kinachotoa dawa hizo, aseme alikuwa anachukulia wapi.

Kurudi nako kuna mitego. Anayetibiwa kifua kikuu kwa rifampisini anahitaji dolutegraviri ya pili, miligramu 50, saa 12 baada ya ile ya kwanza, maana rifampisini inaifanya iishe haraka mwilini. Na mwenye kuvu ya ubongo hutibiwa hiyo kwanza. Dawa za virusi zinangoja wiki 4 hadi 6. Familia huona ni uzembe wa waganga, zinamletea vidonge kwa siri ndani ya mfuko wa mkate. Ni hatari kweli: kinga ikiamka ghafla, uvimbe wa kichwani unaongezeka.

Sisi tuliomuosha tuko salama?

Ndiyo, isipokuwa damu yake iliingia kwenye kidonda au jicho. Ikiwa hivyo, nendeni kituoni kabla ya saa 72 kupita. Kuna dawa ya kuzuia, inamezwa siku 28. Ebola ilipofika Goma mwaka 2019 tulifundishwa kutogusa maiti, na hofu ile ikahamia kwa wenye SIDA. Hayafanani. Anayeosha avae glavu na afunike michubuko. Damu iliyomwagika imwagiwe javeli (maji ya klorini ya kufulia) ya asilimia 5, kipimo 1 kwa vipimo 9 vya maji, ikae dakika 10.

Mke wake amepima, hana. Yamekwisha?

Bado. Arudie miezi 3 baada ya mara ya mwisho walipolala pamoja.

Tunaweza kusimulia vichekesho vyake, na kilichomuua?

Vichekesho, ndiyo, hata vile alivyojitania mwenyewe. Ugonjwa ni jambo jingine: ukiutaja umemtaja mjane pia, mbele ya mwenye nyumba na watu wa kanisa. Kongo ina sheria ya 14 Julai 2008 inayolinda haki za wanaoishi na virusi. Mwulizeni mama huyo kwanza, akiwa peke yake. Akikataa, "aliugua" inatosha.

Chupa yake bado ina vidonge. Mdogo wake anayetumia dawa hizohizo avimeze?

Hapana, irudishwe kituoni. Anayemeza za marehemu haji siku yake, anaandikwa kuwa ameacha matibabu, na kipimo chake cha wingi wa virusi kinachelewa.