Je, wajua? Kuziba masikio humzidishia makali anayekerwa na sauti

Kijiko kikigonga sahani, mvua ikianza kupiga bati au bodaboda yenye ekzosi iliyotobolewa ikipita, wengi hata shingo hawageuzi. Wapo wengine, wakubwa kwa wadogo, ambao sauti hizo hizo huwauma masikio kwelikweli. Jambo la kwanza wanalofanya ni kusokota pamba na kuziba. Siku hiyo wanapata nafuu, lakini kuziba kukishakuwa desturi, tatizo linakua.

Sikio hupokea sauti, lakini kuamua kwamba sauti ni kubwa au ndogo ni kazi ya ubongo. Sauti zinazoufikia zikipungua, iwe kwa sababu kelele za miaka zimeharibu chembe za kusikia au kwa sababu umejiziba mwenyewe, ubongo hujiongezea usikivu usije ukapitwa na kitu, kama mtu anavyopandisha redio stesheni ikishika kwa taabu. Ukizibua, sauti ya kawaida inakuta usikivu uko juu. Watafiti wa Marekani walionyesha hilo mwaka 2003: watu wenye masikio mazima walivaa vizibo kwa wiki 2, na walipovivua sauti zikawa kubwa kwao kuliko mwanzo. Waliovalishwa vifaa vyenye mvumo hafifu muda huo huo walitoka wakivumilia zaidi.

Kabla ya tiba, ijulikane ni lipi, maana kukerwa na sauti si jambo moja. Katika hipakusisi, karibu kila sauti ikifika kiwango fulani inauma, haijalishi nani kaitoa. Katika misofonia, sauti maalumu, mara nyingi ya mtu kutafuna au kuvuta makamasi, huamsha hasira hata ikiwa ndogo, na ikitoka kwa ndugu wa nyumbani ni mbaya zaidi. Halafu yupo babu anayesema “sema kwa sauti”, ukipandisha kidogo tu anakuja juu: “usinipigie kelele!” Huyo hana ukorofi. Sikio lake la ndani limechakaa, sauti ndogo halizisikii na kubwa zinamvamia ghafla. Yeye anahitaji kifaa cha kusikia kilichowekewa kikomo cha sauti kubwa.

Mtaalamu wa masikio huanza na maswali. Ilianza ghafla au taratibu? Sikio moja au yote mawili? Umefanya kazi kwenye kubangua korosho kwa mashine, kusaga nafaka, msumeno wa mota au spika za harusini? Uliwahi kugonga kichwa, una kipandauso, umetumia kwinini au gentamisini? Kuna mlio ndani ya sikio? Mlio huo na kukerwa na sauti huandamana mara nyingi. Kisha anachungulia sikio na kupima usikivu, kwa kawaida kuanzia sauti nene ya hezi 250 hadi nyembamba ya 8,000.

Kipimo chenyewe cha uvumilivu hakina maajabu. Unavaa hedifoni, sauti inaanza chini na kupanda kwa desibeli 5 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila hatua, nawe unainua mkono inapoanza kukukera. Hapo ndipo wengi hukosea: husubiri mpaka washindwe kabisa, jibu likatoka la uongo. Wengi wasio na tatizo huinua mkono karibu na desibeli 100. Mwenye hipakusisi anaweza kuuinua kwenye 80 au hata 60. Namba hiyo haitoshi peke yake, kwa hiyo huambatana na dodoso la maisha ya kila siku. Ukiambiwa utapimwa msuli wa sikio la kati, sema mapema kwamba sauti zinakuuma. Kipimo hicho hutumia sauti kubwa na kinaweza kuahirishwa.

Kwa Mtwara pa kuanzia ni hospitali ya Ligula au ile ya kanda ya Mitengo, kwa Lindi ni hospitali ya Sokoine. Anayetoka Newala au Liwale aulize kwanza kama mashine ya kupima usikivu ipo na inafanya kazi, ndipo alipe nauli.

Uso ukilegea upande mmoja na sikio la upande huo likaanza kuona sauti kubwa, usingoje. Mshipa wa fahamu wa uso ndio unaoendesha kamsuli kanakotuliza sauti sikioni, na dawa za kutibu kupooza huko hufaa zaidi zikianza ndani ya saa 72.

Tiba kuu ya hipakusisi ni kurudisha sauti kidogo kidogo. Feni, au redio isiyoshika stesheni inayochakacha, iwekwe chini kiasi cha kusahaulika, saa kadhaa kila siku, usiku pia. Ikikukera, umeweka juu mno. Pamba iondolewe kwanza kwenye chumba tulivu, halafu uani, sokoni mwisho. Hesabu miezi, wengine mwaka na zaidi. Ushauri wa kisaikolojia unaobadili fikra na mazoea ya kukimbia sauti husaidia sana, ingawa wengi huudharau. Vizibo vibaki kwa kelele za hatari tu: ukilazimika kupaza sauti ili aliye umbali wa mkono akusikie, vaa, ukitoka hapo, vua.

Mtoto anayeziba masikio na kulia mashine ya kunyolea ikiwashwa huambiwa amedekezwa, akapigwa au akashikiliwa kwa nguvu. Hofu inaongezeka. Wengi wa watoto wenye usonji wako hivi, ila si wote wanaokerwa na sauti wana usonji, na kwa mdogo sana daktari hutegemea zaidi maelezo ya mzazi kuliko hedifoni. Msimu wa unyago ukikaribia na ngoma ndizo zinazomtisha, zirekodi kwenye simu, umchezeshee kwa sauti ya chini kabisa akiwa anacheza, na kitufe akishike yeye. Akishaacha kujali, ongeza kidogo. Baadaye sikilizeni ngoma yenyewe mkiwa nyumba ya tatu, siku nyingine sogeeni karibu. Akiziba masikio, rudini hatua moja bila kumgombeza. Vikinga masikio awe navyo mkobani, avivae mkifika karibu na wapigaji au spika.