"Lead" Kwenye Kopo la Rangi ni Risasi, Si Zawadi

Kila Oktoba, katika wiki ya kimataifa ya kuzuia sumu ya risasi, ile metali, sisi wa ukaguzi wa ubora hurudiwa na maswali yale yale. Lipo moja ambalo sasa lazima tulijibu hadharani: mteja anaona kopo la rangi limeandikwa "lead free", anashika neno la pili, kisha anamdai muuza duka nyongeza ya bure. Hakuna cha bure hapo. Maandishi hayo yanasema rangi haikutiwa risasi.

Neno hili la Kiingereza hutamkwa "led". Linafanana kwa herufi na lile la kuongoza, linalotamkwa "liid", lakini hayana undugu. Ndugu zake ni "lood" la Kiholanzi na "Lot" la Kijerumani, ambalo ni ule uzito wa timazi. Alama ya kikemia, Pb, imetoka kwa Kilatini, "plumbum". Warumi walipitisha maji katika mabomba ya risasi, na ndiyo maana Waingereza humwita fundi bomba "plumber", na uzi wa timazi "plumb line". Mvuvi wa pwani anayefunga chubwi kwenye mshipi wake anaijua metali hii kwa mkono: ni laini, nzito, na huyeyuka kwa nyuzi 327 tu za Selsiasi.

Sisi tulilichukua jina kwa Waarabu, "rasas", likabeba maana mbili: metali yenyewe, na kile kinachotoka kwenye bunduki, kwa kuwa zamani kilisubiwa kwa metali hiyo. Kwa hiyo tunaposema rangi ina risasi, tafadhali, hatuzungumzii bunduki. Watu wazima hucheka mkutanoni tukilisema hilo, na muda wa kueleza madhara kwa watoto unapotea.

Kalamu ya risasi nayo haina risasi. Yalipopatikana Borrowdale, Uingereza, madini meusi yanayoandika katika karne ya 16, watu waliyadhani ni aina ya risasi. Mkemia Carl Scheele alionyesha mwaka 1779 kwamba ni kaboni, nayo ikaja kuitwa grafiti, lakini jina la zamani lilikuwa limeshazoeleka. Mtoto akiitafuna penseli, sumu ya risasi haiko kwenye kile kiini chake cheusi. Kinachopimwa ni rangi iliyopakwa kwenye mti wake. Na taa za LED? Hizo ni herufi za kifupisho tu, hazihusiani na neno hili.

Risasi hutiwa kwenye rangi ili njano, machungwa na nyekundu zing'ae, au ili rangi ikauke upesi. Ikibanduka huwa vumbi. Mtoto hutambaa, hulamba vidole, na mwili wake hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo msikwangue rangi kuukuu kwa msasa mkavu; ilowesheni kwanza.

Kiwango cha juu cha risasi kinachoruhusiwa kwenye rangi Afrika Mashariki ni sehemu 90 kwa kila sehemu milioni, na hupimwa kwenye rangi iliyokauka. Mkaguzi hujitambulisha kwa kitambulisho, huchukua sampuli mbele ya mwenye duka, huzifunga kwa lakiri, na pande zote mbili hutia saini fomu. Sampuli isiyo na saini hizo haipokelewi maabara, hata mwenye duka akiwa na haraka kiasi gani. Matokeo yakizidi kiwango, mzigo huzuiwa kuuzwa, huondolewa sokoni, na huweza kuharibiwa kwa gharama ya mwenye mali. Faini au kifungo huamuliwa na mahakama kwa mujibu wa sheria, si na mkaguzi. Kukata lakiri ni kosa jingine, linaloshughulikiwa peke yake.

Anayelalamika alete kopo pamoja na risiti, hata likiwa tupu. Namba ya toleo, ambayo kwa kawaida hupigwa chini ya kopo au kwenye mfuniko, isifutwe wala kupakwa rangi juu.