Spika kali za sebuleni: watu wanavyosema na ukweli ulivyo

Hela nyingi zinapotea kwenye spika, na mara nyingi wala sio kwamba mtu kauziwa feki. Kanunua spika nzuri kabisa afu kazipeleka kwenye sebule ya tailizi tupu, moja kaibana kona pembeni ya shoukesi ya TV, nyingine ipo nyuma ya kochi. Ukimuuliza ulichagua vipi, anakutajia wati.

Basi tuanze na hizo wati. "Wati nyingi ndo mziki mnene." Hii tumeitoa kwenye masabufa, yale yenye stika ya PMPO 10000 mbele, yani wati za kutangazia biashara, wakati ukigeuza nyuma kwenye waya wa umeme pameandikwa inakula wati 60. Inakula 60 inatoa elfu kumi, mashine hiyo ingekuwepo kweli TANESCO wangeshaigombania. Kwenye spika ya maana, wati zilizoandikwa zinakuambia itabeba mzigo kiasi gani bila kuungua, hazikuambii itapiga kwa nguvu kiasi gani. Namba ya kuangalia ni sensitiviti, yani ukiipa volti 2.83, ambayo kwa spika ya omu 8 (kipimo cha ukinzani wake kwa umeme) ni wati 1, ukapima mita 1 mbele yake unapata desibeli ngapi, yani ukubwa wa sauti. Chukua spika mbili, KEF LS50 Meta ni 85, Klipsch Heresy IV ni 99, hizo ni namba za viwanda vyenyewe. Tofauti ya 14 inaonekana kidogo lakini kila ukipanda desibeli 3 unadabo wati, kwahiyo pale Heresy inapotumia wati 4, LS50 inataka kama 100. Sio kwamba Heresy ndo bora, ila usinunue spika kwanza afu amplifaya uje kuitafuta baadae kwa bei iliyobaki.

Na wanaosema amplifaya ndogo haiwezi kuunguza spika kubwa, inaweza sana. Amplifaya ya wati 30 ukiifungulia mpaka mwisho kwenye sherehe inaanza kukata vichwa vya mawimbi, sauti inakwaruza, na anaeumia ni twita, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba. Fundi akifungua anakuta boksi zima lipo fresh, koili ya twita tu ndo imekatika.

Sasa kwenye besi ndo kuna kazi. "Nataka zile ndefu za kusimama, sebule ijae." Sebule ya mita 5 kwa 4, kuta za tofali, juu jipsamu, dirisha la aluminiamu. Sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, kwahiyo kwenye ule urefu wa mita 5 wimbi la karibu Hz 34, yani mitetemo 34 kwa sekunde, linajipanga lenyewe kati ya kuta mbili na kuvuma, na kwenye zile mita 4 inakuwa karibu Hz 43. Noti moja ya besi inajaa chumba mpaka vioo vinalia, inayofuata huisikii kabisa, na ukihama kochi mambo yanabadilika tena. Hapo spika haina kosa lolote. Tena video nyingi za rivyuu tunazoangalia zinarekodiwa Marekani, na nyumba nyingi kule kuta zake ni fremu za mbao zilizofunikwa jipsamu, zinatingishika na kumeza besi kidogo, tofali na zege karibu haimezi kitu, inarudisha. Ndo maana spika ile ile aliyoisifia yeye kwako inavuma.

Kwa sebule ya saizi hiyo mimi ningechukua pea ndogo ya maana na stendi zake, nikaziacha zile ndefu dukani. Twita iwe usawa wa sikio ukiwa umekaa, spika mbili na wewe mtengeneze pembetatu yenye pande zinazokaribiana, afu zitoe ukutani kama sentimita 50. Piga wimbo wenye besi unaoujua, sogeza spika sentimita 10, sikiliza, sogeza tena. Hii ni bure na inabadilisha sauti kuliko watu wanavyoamini. Mama mwenye nyumba atalalamika kwamba zimekaa katikati ya njia, hilo mtaelewana. Zulia nene sakafuni mbele ya spika na pazia zito dirishani vinapunguza ule mlio wa tailizi unaofanya sauti ya muimbaji iwe kali, ila visikudanganye kwenye besi, besi zulia haliigusi.

"Bei kubwa na jina kubwa, huwezi kukosea." Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, watafiti wa sauti wa kampuni ya spika ya Harman, walionyesha kitu hapo. Walichukua wafanyakazi wa Harman wakawasikilizisha spika zikiwa zimefichwa nyuma ya pazia, baadae zikiwa wazi wanaziona. Pazia lilipotoka maksi zikahama, zile kubwa za kupendeza zikapanda, ile ndogo ya bei rahisi ikashuka. Hao ni watu wa fani. Kwahiyo dukani nenda na nyimbo zako mwenyewe, mwambie muuzaji aweke spika zote kwenye sauti sawa, maana iliyo juu kidogo tu utaiona ndo nzuri, na ikiwezekana geuka usiangalie.

Za yuzdi kutoka Ulaya na Japani zina heshima yake, ila "za zamani ndo spika, hazifi" hapana. Toa kile kitambaa cha mbele, angalia ule ukingo unaoshika koni ya besi. Kama ni wa sponji uguse kwa kidole taratibu, kwa joto na unyevu wa Pwani sponji inaoza hata spika ikiwa imekaa tu stoo, na ikishaoza inabaki kwenye kidole kama unga mweusi. Inabadilishika, lakini kata hiyo hela kwenye bei kabla hujalipa. Wa raba unadumu zaidi.

Waya wa laki kadhaa? Shaba halisi ya milimita za mraba 2.5 inatosha sebule yoyote ya kawaida, usivuke mita 10, na hakikisha alama ya jumlisha umeiunga kwa jumlisha pande zote mbili, maana spika moja ikiwa kinyume besi inapotea na mtu anaanza kusema kapigwa.