Koti la Nyuki, Mabawa ya Nzi

Kuna nzi wawindaji wanaofanana na nyuki, na sisi tunaotambua wadudu hukutana nao mara kwa mara. Mtu akituletea mdudu ndani ya kichupa na kusema ni nyuki, kwanza tunahesabu mabawa. Nyuki ana manne, nzi ana mawili; penye jozi ya pili nzi amebakiwa na vijiti viwili vyenye vichwa kama virungu, vya kumweka sawa akiruka. Lakini tandaza mabawa kabla ya kuhesabu. Ya nyuki hushikana kwa vikulabu vidogo sana hadi yakaonekana kama jozi moja, na wengi hukosea hapo.

Ukishajua ni nzi, mtazame uso. Nzi wa familia ya Syrphidae nao huvaa rangi za nyuki, ila wakishakomaa hula nekta na chavua. Wale wawindaji tunaowazungumzia ni wa familia ya Asilidae, yenye spishi zaidi ya 7,000, na wengi wao hawafanani na nyuki hata kidogo. Wana bonde kati ya macho, ndevu ngumu usoni na mdomo imara wa kuchoma. Humdaka mdudu angani, humdunga mate yenye sumu inayompooza na kuyeyusha nyama yake, kisha humfyonza.

Sasa ndipo penye utamu wa kazi yetu. Laphria, Mallophora na Hyperechia ni jenasi tatu za Asilidae (jenasi ni kundi la spishi za karibu) zenye spishi nene, zenye manyoya, zinazofanana na nyuki. Ungewaweka kapu moja, na ungekosea. Laphria na Hyperechia wako katika nusufamilia ya Laphriinae; Mallophora, wa mabara ya Amerika, ni wa ukoo mwingine, naye alilipata koti hilo la nyuki kwa njia yake. Vipapasio vinamtambulisha: vyake huishia kwa unywele mwembamba, vya Laphria ni butu. Hyperechia wa Afrika wamefika mbali zaidi. Hufanana na nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, na mabuu yao huishi ndani ya matundu hayohayo, yakila watoto wa nyuki.

Ukimwona mmoja, usimshike kwa vidole, maana mdomo ule huuma kwelikweli. Mpige picha, tena usiishie mgongoni: tunahitaji uso kwa mbele, vipapasio kwa karibu, na mishipa ya bawa ionekane. Picha ya manyoya pekee mara nyingi haitoshi kutufikisha kwenye jenasi.