Mkaguzi wa yoti ni nani, na achaguliwe vipi?

Mkaguzi wa yoti (boti ya starehe, ya tanga au ya injini) ni mtaalamu anayelipwa na mnunuzi ili achunguze chombo kilichotumika kabla biashara haijakamilika. Si fundi wala dalali, na hapati chochote cha ziada yoti ikiuzwa au isipouzwa. Ndiyo maana dalali akikupa jina la mkaguzi wake, mshukuru, kisha tafuta mwingine. Si lazima wawe wamekula njama, ila anayeletewa kazi na dalali atasita kumharibia soko.

Marekani hakuna leseni ya serikali kwa kazi hii. Yeyote anaweza kujiita mkaguzi. Kwa hiyo watu huangalia kama ni mwanachama wa SAMS au NAMS, vyama vya wakaguzi vinavyomtaka mwanachama awe na uzoefu na afaulu mtihani. Uingereza kuna vyama vya IIMS na YDSA. Hata hivyo, bingwa wa vyombo vya chuma huenda asiijue faiba (plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo), na aliyezoea boti za injini anaweza kuupita mlingoti bila kuutazama mara mbili. Mwombe ripoti yake ya zamani ya yoti inayofanana na unayoitaka. Ikiwa kila ukurasa umeandikwa "hali nzuri" tu, achana naye. Ripoti ya maana hutaja valvu ipi imekwama, iko wapi, na kama irekebishwe kabla chombo hakijarudi majini.

Sehemu kubwa ya kazi yenyewe hufanyika chombo kikiwa kimepandishwa nchi kavu. Mkaguzi hugonga bodi (mwili wa chombo) na sitaha kwa nyundo ndogo huku ametega sikio: faiba nzima hutoa mlio mkali, ile ambayo tabaka zake zimeachana ndani hutoa mlio mzito, uliofifia. Sitaha nyingi zina mbao nyepesi ya balsa katikati ya tabaka za faiba. Tundu moja la skrubu lisilozibwa vizuri linaweza kupitisha maji na kuiozesha mbao hiyo miaka na miaka, na juu pakaendelea kung'aa. Kipima unyevu husaidia, ingawa namba zake peke yake hazithibitishi kitu.

Usitarajie abomoe chochote, maana yoti bado ni ya muuzaji. Injini nayo mara nyingi huachiwa fundi wake, kwa hiyo uliza mapema nani ataikagua na nani atapeleka sampuli ya oili maabara. Na kama utahitaji bima, iulize kampuni kama itaikubali ripoti ya mkaguzi huyo kabla hujamlipa.